Mcheza kwao hutunzwa, mbona si wa vikapu?

Ijumaa moja jioni, miaka kumi na kitu iliyopita, nilitoka kwetu Mutuini nikiwa na ngoma begani. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, na timu yetu ya mpira wa vikapu ilikuwa na safari ya Mombasa usiku huo. Sisi mashabiki tulikuwa tumechangishana nauli ili tuandamane nayo.

Tulipofika langoni tuliwakuta wachezaji wameketi juu ya mikoba yao. Basi la chuo lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Kilichokosekana ni mafuta, na aliyepaswa kutia sahihi ili pesa zitolewe alikuwa amekwisha kwenda zake nyumbani. Ilipotimu saa tatu usiku tuliambiwa tutawanyike. Nikapanda matatu ya kurudi Dagoretti, ngoma magotini, abiria wakiniuliza harusi ilikuwa ya nani.

Jumapili mama alitaka kujua mechi ilikwishaje. Nikamwambia tumefungwa 20-0. Alishangaa ni timu gani hiyo isiyoweza kutumbukiza hata kikapu kimoja!

Msomaji, hayo ndiyo matokeo yanayoandikwa timu isipofika uwanjani. Tena sheria za mchezo huu zina funzo ndani yake. Anayeshinda hupata pointi 2. Anayeshindwa baada ya kucheza hupata pointi 1, kwa kuwa angalau alijitokeza akatoa jasho. Asiyefika hapati kitu. Kwa hiyo vijana wetu, walioamka alfajiri kufanya mazoezi muhula mzima, walipata chini ya kile ambacho wangepata kwa kushindwa.

Kinachowakera mashabiki wa vyuoni si kushindwa. Kila shabiki hujua kuna siku ya kuvuna na siku ya kuvunwa. Kinachowauma ni kwamba katika vyuo vingi mwanafunzi hulipa ada ya shughuli za wanafunzi pamoja na karo. Imeandikwa waziwazi kwenye karatasi ambayo mzazi huibeba hadi benki. Lakini ikishalipwa, ni nadra mzazi au mwanafunzi kuelezwa kiasi gani kilikwenda kwa kandanda, kiasi gani kwa raga, na kiasi gani kwa vikapu.

Tuwe waadilifu, lakini. Vyuo vikuu vya umma vimekuwa na madeni makubwa kwa miaka mingi, na mkuu wa idara ya michezo hawezi kugawa kile ambacho hakupewa. Mhadhiri anayedai mshahara wake hatafurahi kusikia pesa zimenunua jezi. Mkono mtupu haulambwi.

Hata hivyo, huu si mchezo wa gharama kubwa. Timu nzima ni wachezaji 12, mpira mmoja na uwanja wa saruji. Gharama iko kwenye safari, na ndipo mambo huharibikia. Ligi yetu huchezwa na timu kama ile ya Halmashauri ya Bandari (KPA) ya Mombasa na Ulinzi ya wanajeshi, ambazo zina mwajiri nyuma yake. Wanafunzi wa Strathmore na USIU wamethibitisha kwamba chuo kinaweza kusimama na vigogo hao kikiamua. Lakini mwanafunzi aliyekunywa chai kavu atamkabili vipi mtu anayelipwa mshahara?

Hasara yake huonekana hadi timu ya taifa. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa mashindano ya Afrika ya wanaume na Kenya ikamaliza ya nne. Baada ya hapo hatukuonekana tena huko kwa miaka 28. Tulirudi mwaka 2021, baada ya Tylor Ongwae kutumbukiza kikapu cha dakika ya mwisho kilichoizamisha Angola 74-73 mjini Yaounde. Ongwae huyo alikuwa amepitia chuo cha Louisiana Monroe kule Marekani. Na Nairobi City Thunder ilipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Afrika ya Vikapu (BAL) mwaka 2025, ilikuwa imepata wawekezaji walioitia pesa.

Usidhani Marekani hawana malalamiko. Mchezo huu ulizaliwa chuoni huko, mwaka 1891, mwalimu James Naismith alipotundika vikapu vya matunda mjini Springfield. Tangu Julai 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kugawia wanamichezo wao mamilioni ya dola, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Hata hivyo katika vyuo vingi kandanda yao ya Kimarekani humeza fungu kubwa, na mashabiki wa vikapu hunung'unika vilevile. Tofauti ni kwamba wao hugombania mamilioni, sisi twagombania mafuta ya basi.

Dawa si ngumu. Kwanza, chuo kibandike ubaoni kila muhula hesabu ya ada hiyo, mchezo kwa mchezo. Pili, nauli ya mechi za mbali itengwe kabla ligi haijaanza, hata kama jezi mpya zitasubiri. Tatu, mzazi anayelipa karo aulize. Hakuna kosa kuuliza, na ofisi inayojua itaulizwa huweka risiti zake vizuri.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu hawaombi hata kutunzwa. Wanaomba wafike uwanjani, wakishindwa washindwe wakicheza, wapate ile pointi yao 1.

Ngoma yangu ingali Mutuini, juu ya kabati la mama. Mombasa haijafika hadi leo.