Kwenye laptopu inafanya kazi, kwenye majaribio 'jedwali halipo': Kosa linalowatesa madevelopa

Ni Ijumaa jioni. Developa amemaliza kazi, amefungua programu kwenye laptopu yake na mambo yote ni shwari. Anapandisha msimbo, anaanza kukusanya vitu vyake aondoke. Dakika chache baadaye mfumo wa majaribio ya kiotomatiki unaleta maandishi mekundu: "no such table". Jedwali halipo.

Tena sio jaribio moja lililofeli. Ni karibu yote.

Anarudi kwenye laptopu, anaangalia, jedwali analiona kwa macho yake. Sasa halipo vipi?

Kosa hili lina sura tofauti kulingana na hifadhidata inayotumika. SQLite husema "no such table", PostgreSQL hutoa namba 42P01, na MySQL hutoa 1146. Maana ni ile ile: programu imeomba kitu ambacho hifadhidata haina.

Hifadhidata mbili, sio moja

Mfano mzuri ni Django, mfumo wa kutengeneza tovuti uliotoka kwa umma mwaka 2005 baada ya kuzaliwa ndani ya gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, nchini Marekani.

Majaribio ya Django hayagusi hifadhidata ya kawaida. Kila yanapoanza, mfumo hutengeneza hifadhidata nyingine mpya kabisa. Kama ya kawaida inaitwa duka, ya majaribio itaitwa test_duka. Kwa SQLite, hifadhidata hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, haiandikwi hata kwenye diski. Majaribio yakiisha, inafutwa.

Majedwali ya ndani yake yanajengwa kwa kufuata migresheni, yaani mafaili yanayoeleza hatua kwa hatua jedwali gani liongezwe na safu gani ibadilishwe. Django ilianza kuwa na migresheni zake yenyewe toleo la 1.7, mwaka 2014.

Ni kama fundi anayejenga nyumba upya kila asubuhi kwa kufuata ramani. Chumba alichoongeza jana kwa mkono bila kukichora, leo hakipo. Laptopu ya developa ni nyumba ya jana.

Sababu ya kwanza: faili halikupandishwa

Mara nyingi kosa ni dogo hadi linaudhi. Developa alibadilisha modeli, akaendesha makemigrations, akaendesha migrate, kisha akasahau kuliingiza faili jipya kwenye Git. Amri ya git status humwonyesha faili hilo limekaa pale likisubiri.

Zipo timu zinazoziba njia zenyewe kwa kuandika folda za migresheni kwenye .gitignore ili kuepuka migongano ya mafaili. Kinachobaki ni __init__.py peke yake. Django ikiona hivyo inaelewa kwamba sehemu hiyo inatumia migresheni, ila hakuna hata moja ya kufuata, basi haijengi jedwali lolote. Migresheni ni sehemu ya msimbo na zinatakiwa kusafiri pamoja nao. Migongano itatatuliwa ikitokea, sio kwa kuficha mafaili.

Sababu inayochelewa kugundulika

Hii ndiyo inayowamaliza watu. Migresheni zote zipo, zimepandishwa, na bado jedwali halionekani.

Chanzo huwa ni mstari unaouliza hifadhidata mapema mno. Chukua fomu yenye orodha ya mikoa. Developa ameandika swali la kuisoma mikoa moja kwa moja kwenye mwili wa klasi, nje ya kitendo chochote. Python ikilifungua faili hilo tu, swali linakwenda kwenye hifadhidata papo hapo, kabla migresheni hata moja haijaendeshwa.

Kwenye laptopu hakuna tatizo kwa sababu jedwali la mikoa lipo tangu zamani. Kwenye seva ya majaribio hifadhidata ni tupu, kwa hiyo kila kitu kinaanguka. Wakati mwingine hata amri ya migrate, ambayo ndiyo ingejenga jedwali, inagoma kwa kosa hilo hilo.

Dawa ni kusoma maelezo yote ya kosa kutoka juu hadi chini na kutafuta faili la mradi wenyewe linalotajwa humo. Swali likishapatikana, lihamishiwe ndani ya kitendo, kwa mfano __init__ ya fomu, ili liulizwe fomu inapotumika.

Nyingine za kuangalia

Modeli yenye managed = False haijengewi jedwali na Django; mtengenezaji ameahidi kwamba jedwali liko tayari. Kwenye majaribio ahadi hiyo haipo, hivyo jedwali lijengwe kwa migresheni ya RunSQL.

Kuna pia --keepdb, inayotunza hifadhidata ya majaribio ili kuokoa muda. Mtu akihariri migresheni ya zamani, Django haitairudia kwa kuwa imeshaandikwa kuwa imefanyika. Endesha mara moja bila --keepdb.

Na kwa wanaoandika SQL kwa mkono: MySQL kwenye Windows haitofautishi Wateja na wateja, lakini kwenye Linux kwa kawaida hayo ni majedwali mawili. Herufi ndogo kote, basi.

Marekebisho ya hatari

Njia ya mkato inayopendwa ni kuzima majaribio ili msimbo upite. Lakini kama migresheni haipo, seva halisi nayo haitapata jedwali, na atakayekutana na kosa hilo ni mteja anayejaribu kulipia bidhaa.

Mbaya zaidi ni kuyaelekeza majaribio kwenye hifadhidata halisi kwa hoja kwamba "majedwali si yapo kule". Kwenye Laravel, majaribio yanayotumia RefreshDatabase huendesha migrate:fresh, amri inayofuta majedwali yote kabla ya kuyajenga upya. Ikielekezwa pabaya, data za wateja zimekwenda.

Kukosea mahali sio hadithi za kutishia watoto. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Nakala za kila siku zilizotegemewa zikakutwa hazifanyi kazi, na data za takriban saa 6 zikapotea.

Kwa Django, amri ya kuweka kwenye mfumo kabla ya majaribio ni python manage.py makemigrations --check. Hulinganisha modeli na mafaili ya migresheni na kufeli ikiwa kuna badiliko lisilo na faili. Iwekwe kwenye seva ya majaribio, sio kwenye laptopu peke yake, kwa sababu laptopu inaliona hata lile faili ambalo halijapandishwa.