Istilahi za Biashara ya Kielektroniki: Namba Ipi ni ya Siri?

Istilahi huundwa ili watu waelewane. Katika biashara ya kielektroniki istilahi ina kazi ya pili, nayo ni kumlinda mtumiaji. Katika makala haya tutaeleza maneno machache ya biashara hiyo, tukichukua mifano yetu Songea, na kuonyesha jinsi upungufu wa neno unavyoweza kumpotezea mtu mali yake.

Huduma ya M-Pesa ilianza kutolewa nchini mwaka 2008, na makampuni mengine ya simu yakafuata. Mkulima wa Songea sasa aweza kuuza mahindi kwa mnunuzi aliye Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, akalipwa pasipo kuonana naye. Kadhalika, ufuta na mbaazi za Mkoa wa Ruvuma zimekuwa zikiuzwa katika minada ya kielektroniki kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria. Kwa hiyo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hawana budi kuyapima maneno yafuatayo kwa uangalifu.

(a) Biashara ya kielektroniki na biashara ya mtandaoni. Aghalabu maneno haya hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mazoea, "mtandaoni" humaanisha kwenye intaneti. Lakini mwenye simu ya kitochi, anayebonyeza nyota na tarakimu ili kulipa, hatumii intaneti, ingawa muamala wake ni wa kielektroniki. Tangazo linaloonya juu ya "wizi wa mtandaoni" peke yake laweza kumfanya mtu huyo adhani kwamba halimhusu. Tunapendekeza "kielektroniki" litumike kwa maana pana, na "mtandaoni" kwa maana finyu.

(b) Namba. Neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Kuna namba ya simu, ambayo hutolewa kwa yeyote atakayetuma pesa. Kuna namba ya kumbukumbu ya malipo, inayoonyesha deni linalolipwa. Kuna namba ya siri, ambayo mwenyewe huichagua na kuihifadhi. Tena kuna namba inayoletwa kwa ujumbe mfupi, hutumika mara moja tu, kisha hufa. Hii ya mwisho ndiyo yenye hatari, kwani wengi huiita "namba" au "kodi" tu.

Tuseme mkulima amepigiwa simu na mtu anayejifanya mtumishi wa kampuni, akiambiwa, "Mzee, shikamoo. Nitajie ile namba iliyoingia sasa hivi." Mkulima huyu amefundishwa kutotaja namba yake ya siri, na kwa kweli hajaitaja. Ametaja nyingine, ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni siri, na kwa namba hiyo tapeli amefungua akaunti yake. Hapa mkulima hakukosa utii, amekosa neno. Tunapendekeza iitwe "namba ya siri ya mara moja". Ni jina refu, lakini linabeba onyo ndani yake.

(c) Kuhakiki na kuthibitisha. Kuhakiki ni kukagua kama jambo ni sahihi. Kuthibitisha, katika miamala, ni kukubali litendeke. Anayetuma pesa huhakiki jina la mpokeaji kwanza, ndipo athibitishe kwa namba ya siri. Baada ya hapo pesa zimekwenda. Mfasiri anayeandika "thibitisha jina lako" mahali pa "hakiki jina lako" humzoeza msomaji kuliona tendo la kukubali kama ukaguzi mtupu, na matapeli hufaidika na mazoea hayo.

Kipimo chetu, basi, ni hiki: istilahi ikitamkwa katika simu kwa mtu asiye mtaalamu, je, atajua la kufanya na la kuepuka? Isipofaulu hapo, hata ikiwa fupi na yenye kupendeza, haifai. Tunawaomba wasomaji, hasa walio karibu na mawakala na wakulima, watuletee maneno yanayotumiwa na wananchi wenyewe ili nayo yapimwe.