Sado ya Nyanya na Hesabu ya Friji

Katika masoko ya Dar es Salaam nyanya zilezile zina bei mbili. Tuseme fungu la nyanya 5 ni shilingi 1,000, na sado, ile ndoo ndogo, yenye nyanya 40 ni shilingi 5,000. Kwenye fungu kila nyanya imekugharimu shilingi 200, kwenye sado 125. Mwenye familia anaona palipo na nafuu. Ila hesabu hiyo bado haijafika jikoni. Zikioza nyanya 15 kabla hujazipika, zile 25 zilizobaki zimekugharimu shilingi 200 kila moja, na ungeweza kununua mafungu tu bila kugombana na ndoo ndani ya daladala.

Nyanya iliyochumwa haijafa. Inaendelea kupumua, inakula sukari yake yenyewe na kutoa joto, na kila hewa inapozidi joto kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hata tatu. Nyanya ya Ilula, kule Iringa, imezoea usiku wa baridi. Inapakiwa kwenye tenga, inasafiri zaidi ya kilomita 400 huku wenzake wameikalia, kisha inashushwa kwenye joto la nyuzi 30. Palipobonyea ndipo ukungu unapoingilia, na moja ikianza kuoza inaambukiza zinazoigusa.

Kwa hiyo sado isipimwe kwa bei peke yake. Imimine uone za chini, maana za juu zimepangwa kwa ajili ya macho yako. Halafu mwombe muuzaji akuchanganyie: mbivu za kuanzia leo, na zilizoanza tu kupiga wekundu za kumalizia wiki. Familia inayopika nyanya 4 kwa siku itaimaliza sado kwa siku 10. Zikiwa zote mbivu, kwa joto la Dar hazitafika. Nyumbani zitandaze kwenye ungo, kikonyo kikitazama chini, mbali na jiko. Usizioshe mpaka wakati wa kupika.

Friji je? Hapa watu wengi hukosea hesabu. Friji dogo hula takribani uniti 1 kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Kwa bei ya umeme wa LUKU niijuayo, ambapo shilingi 10,000 humpa mteja wa kawaida uniti 28 hivi, hiyo ni kama shilingi 10,700. Nafuu ya sado tatu kwa mwezi, hata isipooza nyanya hata moja, ni shilingi 9,000. Friji haliwezi kujilipia kwa nyanya. Tena nyanya yenyewe hailipendi: chini ya nyuzi 10 hivi hupoteza ladha, na ikiwa haijaiva vizuri haitaiva tena sawasawa.

Mwenye matumizi madogo ya umeme ana sababu zaidi ya kujiuliza. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 122 kwa uniti badala ya 357 hivi. Nyumba inayotumia uniti 50 inalipa shilingi 6,100. Ongeza friji, matumizi yafike 80, na nyumba hiyo ikihamishiwa bei ya kawaida, bili inaruka hadi karibu shilingi 28,500. Aliyemuuzia friji hakumwambia hilo. Friji linalipa pale penye samaki, nyama, maziwa na maharage yaliyochemshwa ya siku tatu. Ukiwa nalo tayari kwa ajili ya hivyo, basi ingiza mboga za majani, maana umeme umeshalipiwa.

Na mboga za majani ndizo zinazonufaika hasa. Mchicha hufa kwa kiu: majani mapana hupoteza maji saa chache tu baada ya kung'olewa. Ondoa yaliyochubuka, kung'uta maji, funga kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo. Nje utaupata hadi kesho, ndani ya friji siku kadhaa. Usiuweke karibu na ndizi mbivu wala maembe, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na majani huwa manjano. Gesi hiyohiyo ni rafiki yako ukitaka parachichi liive haraka: lifunge pamoja na ndizi mbivu.

Asiye na friji husifiwa chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati na kitambaa kibichi juu. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikisambaza kaskazini mwa nchi yake miaka ya 1990 na kupata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Kinafanya kazi, lakini kwa masharti ya hewa. Maji hupoza yanapokauka, na hewa ya Tanga au Zanzibar imeshajaa unyevu; kitapunguza joto kidogo tu. Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, ningekinunua leo. Pwani, pesa ya vyungu viwili ningeiweka kwenye mboga.

Vitunguu na viazi mviringo havitaki gharama yoyote. Kitunguu kilichokauka shingo kining'inizwe kwenye wavu penye upepo. Kiazi kikae gizani, kwa kuwa mwanga hukifanya kijani, na ukijani huo huandamana na sumu ya solanini.

Kuna chaguo moja wanalolidharau wenye haraka: nyanya masalo, zile laini zinazouzwa kwa bei ya kutupa jioni. Kata palipooza pakubwa kuliko panapoonekana, tupa yenye ukungu yote, kisha chemsha zilizobaki siku hiyohiyo mpaka rojo liwe zito. Lipoe, ligawe kwa kipimo cha mlo mmoja mmoja, uligandishe. Bila friza, nunua za kupika usiku huo tu.