Charlie Haden: Polio ilimnyang'anya sauti, besi ikamsemea

KATIKA bendi nyingi, mpiga besi ndiye mwanamuziki asiyetambuliwa na wengi. Macho ya hadhira huwa kwa mwimbaji au mpiga saksofoni, ilhali yeye husimama nyuma, ameikumbatia ala ya mbao inayomzidi kimo. Hata hivyo, anaponyamaza kidogo tu, muziki wote huyumba.

Charlie Haden, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 76, alikuwa miongoni mwa waliodhihirisha kwamba besi inaweza kubeba ujumbe mzito kuliko ala nyingine yoyote jukwaani. Ajabu ni kwamba mwanzoni hakuwa mpiga besi. Alikuwa mwimbaji, na lau si ugonjwa, huenda angeendelea kuimba maisha yake yote.

Besi inayozungumziwa hapa si gitaa la besi linalotumiwa katika bendi za benga na rumba. Ni ile ya kusimamishwa, yenye nyuzi nne na umbo la fidla kubwa mno, ambayo wapenzi wa taarab asilia ya Unguja wameizoea katika vikundi kama vile Culture Musical Club.

Haden alizaliwa Agosti 6, 1937, katika mji mdogo wa Shenandoah, jimbo la Iowa. Wazazi wake, Carl na Virginia, pamoja na watoto wao, walikuwa wakiimba redioni muziki wa kantri, ule ambao una wapenzi wengi hata humu nchini Kenya.

Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Inasimuliwa kwamba mama yake alipokuwa akimbembeleza kwa nyimbo, mtoto alianza kumfuatiza kwa sauti ya pili inayolingana na yake. Alipotimiza miezi 22, tayari alikuwa akiimba redioni pamoja na jamaa zake.

Aliendelea hivyo hadi alipofika umri wa miaka 15, polio ilipomshambulia. Aina iliyompata haikumlemaza miguu bali ilidhoofisha misuli ya koo na ya uso. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya chanjo ya Dkt Jonas Salk kutangazwa kuwa salama, mwaka wa 1955.

Alipona, lakini hakuweza tena kuimarisha sauti yake kama awali. Kwa bahati njema, kaka yake mmoja alikuwa akipiga besi, na Charlie alikuwa na mazoea ya kuichukua na kuijaribu. Aidha, alikuwa amemsikia mpiga saksofoni Charlie Parker katika tamasha mjini Omaha, na tangu siku hiyo moyo wake ukahamia kwenye jazz.

Baada ya kupiga besi katika kipindi cha televisheni cha Ozark Jubilee mjini Springfield, jimbo la Missouri, alihamia Los Angeles mwaka wa 1957 kwa nia ya kusomea muziki. Huko alishirikiana na wapiga piano Hampton Hawes na Paul Bley, kabla ya kukutana na mpiga saksofoni Ornette Coleman, ambaye wanamuziki wengi wa mji huo walikuwa wakimkwepa.

Ili kuelewa sababu ya kukwepwa huko, ni muhimu kujua kazi ya besi. Kwa kawaida, wimbo wa jazz hujengwa juu ya mpangilio maalumu wa sauti unaorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mpiga saksofoni hubuni tuni papo kwa papo, lakini ndani ya mpangilio huo. Besi ndiyo inayoushikilia, mithili ya msingi wa nyumba.

Coleman aliuweka kando mpangilio huo, na bendi yake haikuwa na piano. Tuni ilikwenda ilikotaka kwenda. Kwa mpiga besi wa kawaida, hali hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa ajenge msingi wa nyumba ambayo ramani yake haijachorwa.

Haden hakubabaika. Tangu utotoni alikuwa amezoea kuisikiliza sauti ya mwenzake na kutafuta papo hapo sauti ya kuandamana nayo. Alichokuwa akimfanyia mama yake kwa koo, sasa alimfanyia Coleman kwa nyuzi. Mwaka wa 1959, wakiwa na Don Cherry na Billy Higgins, walirekodi albamu ya The Shape of Jazz to Come.

Novemba mwaka huo, bendi hiyo ilianza kutumbuiza katika ukumbi wa Five Spot, New York, na kuzua mjadala mkali. Leonard Bernstein, mwongozaji okestra mashuhuri, aliwasifu. Miles Davis hakuridhika nao. Leo albamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa zile zilizobadilisha mkondo wa jazz.

Umaarufu huo nusura umwangamize. Haden alizama katika matumizi ya heroini, akaacha bendi mwaka wa 1960 na kuishia katika kituo cha kurekebisha waraibu. Alirejea jukwaani miaka kadhaa baadaye, na kwa muda mrefu akashirikiana na mpiga piano Keith Jarrett.

Mwaka wa 1969, akiwa amekerwa na vita vya Vietnam, aliunda Liberation Music Orchestra, yaani Okestra ya Muziki wa Ukombozi. Mpiga piano Carla Bley ndiye aliyempangia muziki huo. Albamu yao ya kwanza ilikuwa na nyimbo za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, pamoja na utunzi wa Haden mwenyewe kwa heshima ya Che Guevara.

Utunzi huo ndio uliomtia mashakani. Novemba 1971, bendi ya Coleman ilialikwa katika tamasha la jazz mjini Cascais, Ureno. Nchi hiyo ilikuwa chini ya udikteta, na ilikuwa ikipigana na wapigania uhuru katika makoloni yake barani Afrika. Miongoni mwao walikuwa Frelimo, chama kilichoundwa jijini Dar es Salaam mwaka wa 1962.

Kabla ya kuupiga wimbo huo, Haden alitangaza kuwa anautoa kwa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Baadhi ya vijana ukumbini walishangilia kwa kelele. Siku iliyofuata, polisi wa siri walimkamata katika uwanja wa ndege wa Lisbon na kumhoji. Aliachiliwa baada ya ubalozi wa Marekani kuingilia kati.

Halikuwa jambo dogo. Nyumbani alikuwa amemwacha mkewe na mtoto wa kiume, pamoja na mabinti watatu mapacha waliokuwa na umri wa wiki chache tu. Udikteta wa Ureno uling'olewa Aprili 1974, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975.

Baadaye Haden alianzisha masomo ya jazz katika California Institute of the Arts mwaka wa 1982, akaunda kundi la Quartet West, na kushinda tuzo za Grammy. Mojawapo ilitokana na albamu ya 1997 aliyorekodi na mpiga gitaa Pat Metheny, Beyond the Missouri Sky. Mnamo 1990, okestra yake ilirekodi Nkosi Sikelel' iAfrika katika albamu ya Dream Keeper, mwaka uleule ambao Nelson Mandela alitoka gerezani.

Watoto wake wote wanne walirithi fani ya muziki. Josh alichagua besi kama babake, na Petra ni mpiga fidla. Mwaka wa 2008, jamaa hiyo ilirekodi albamu ya muziki wa kantri, Rambling Boy. Humo Haden, akiwa na umri wa miaka 70, aliimba Shenandoah, wimbo wa kale wenye jina sawa na la mji alikozaliwa.

Miaka yake ya mwisho, athari za polio zilimrejea, kama zinavyowarejea baadhi ya walionusurika ugonjwa huo utotoni. Koo lilidhoofika hata akatatizika kumeza chakula. Alifariki Los Angeles, Julai 11, 2014.