Mwanafunzi Asiye na Sahihi: Ulinzi wa Maslahi ya Wanafunzi Katika Migomo ya Wahadhiri wa Vyuo Vikuu vya Umma Nchini Kenya

Mnamo Novemba 5, 2025, mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya ulifikia kikomo baada ya siku 49. Kiini chake kilikuwa deni la shilingi bilioni 7.9 lililotokana na mkataba wa pamoja wa ajira wa mwaka 2017 hadi 2021, na makubaliano yaliyotiwa saini siku hiyo yalipanga deni hilo lilipwe kwa awamu mbili. Wahadhiri walijua watalipwa nini na lini; serikali nayo ilijua itatoa kiasi gani. Wanafunzi, ambao walikuwa wamepoteza majuma 7 ya masomo, yaani karibu nusu ya muhula, hawakuwa upande katika makubaliano hayo. Namna ya kuyafidia majuma hayo iliachiwa kila chuo kiamue.

Makala haya yanashikilia kuwa sehemu kubwa ya madhara ya mgomo humfika mwanafunzi baada ya mgomo kwisha, wakati ambapo vyombo vya habari vimekwisha kuondoka na wahadhiri wamerudi madarasani. Kwa hivyo, mahali pa kumlinda ni katika mkataba wa kurejea kazini na katika kanuni za seneti ya chuo zilizoandikwa kabla ya mgomo kutokea. Jitihada za kuuzuia mgomo wenyewe hazimfai sana.

Migomo hii si jambo geni. Chama cha wahadhiri, UASU, kilisajiliwa mwaka 2003 baada ya wahadhiri kunyimwa usajili katika miaka ya 1990, na tangu hapo madai ya mishahara yamekuwa yakirudi kila mkataba mpya unapochelewa kutekelezwa. Mapema mwaka 2017 wahadhiri waligoma kwa siku 54. Mwaka huohuo haukuisha kabla ya mgomo mwingine, na Machi 2018 ukaanza mwingine uliodumu hadi Mei. Mwanafunzi aliyejiunga na chuo mwaka 2016 kwa shahada ya miaka minne alikumbana na migomo hiyo yote kabla ya kufika mwaka wa tatu. Kwake, mgomo ulikuwa sehemu ya kalenda.

Kisheria, msingi wa mgomo ni imara. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inaweka masharti ya mgomo unaolindwa: mgogoro uhusu masharti ya kazi, usuluhishi uwe umeshindikana, na notisi ya siku 7 itolewe. Ufundishaji wa vyuo vikuu haumo katika orodha ya huduma za lazima ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma. Kwa upande wa pili, Kifungu cha 43 kinamhakikishia kila mtu haki ya elimu. Ni kawaida kuviweka vifungu hivi viwili vikabiliane, kana kwamba haki ya mmoja haiwezi kusimama bila ya mwingine kuanguka. Mpangilio huo unapotosha. Mwenye wajibu wa kutimiza haki ya elimu ni dola, na katika migogoro mingi iliyotajwa hapo juu dola ndiyo iliyotia saini mkataba kisha ikachelewa kuulipa. Mhadhiri na mwanafunzi wanamdai mdeni mmoja.

Hata hivyo, ukweli huo hauondoi madhara. Chuo kinapofunguliwa tena, muhula uliopangiwa takriban majuma 15 hubanwa ili mwaka wa masomo usivukane na unaofuata, kwa kuwa kundi jipya la mwaka wa kwanza tayari limepewa nafasi na linahitaji vyumba na kumbi. Mihadhara huwekwa jioni na Jumamosi. Mada zilizostahili kufundishwa kwa majuma matatu hufupishwa kuwa maandishi yanayotumwa kwa simu. Tathmini endelevu, ambayo lengo lake ni kumwonyesha mwanafunzi makosa yake kabla ya mtihani, hufanywa siku chache kabla ya mtihani huo au hata baada yake, na hivyo hupoteza maana. Mwanafunzi anayefeli katika mazingira hayo huandikiwa alama sawa na ya yule aliyefeli katika muhula kamili. Nakala ya matokeo haina safu ya kueleza kwamba nusu ya kozi haikufundishwa.

Gharama za maisha nazo hazigomi. Mwanafunzi aliyepanga chumba cha kibinafsi Juja, Njoro au Kahawa Wendani hulipa kodi kila mwezi, awe anafundishwa au la. Pesa za matumizi kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupangwa kwa mihula. Muhula ukirefuka kwa miezi miwili, pesa hazirefuki. Kurudi nyumbani kunaonekana kuwa nafuu, lakini anayetoka Turkana au Mandera na kusomea Nairobi hulipa nauli ambayo huenda ikalingana na kodi aliyotaka kuiepuka, na hajui ataitwa lini. Hapo ndipo ukosefu wa habari unapogeuka kuwa hasara ya pesa. Chuo kinachotangaza kila Ijumaa kwamba hali itatathminiwa tena Jumatatu kinamlazimisha mwanafunzi alipie chumba ili asubiri tangazo.

Walio katika mwaka wa mwisho huumia kwa namna nyingine. Tasnifu isiyosomwa na msimamizi haisongi mbele, mahafali yakipita hakuna cheti, na bila cheti nafasi ya kazi au ya uanagenzi humwendea mwingine. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu mara nyingi hasahauliwi kwa makusudi, hatajwi tu. Mijadala mingi ya kufidia muda uliopotea huhesabu mihadhara, na usimamizi wa utafiti hauna ratiba inayoweza kuhesabiwa hivyo.

Njia ambayo waajiri wameizoea ni kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kuomba amri ya kusimamisha mgomo. Kwa mtazamo wa mwanafunzi, njia hii ina kasoro kubwa. Amri inaweza kuufanya mgomo usilindwe na sheria, lakini haiwezi kumfanya mhadhiri aliyevunjika moyo afundishe vyema. Kuwatumia wahadhiri wa muda kujaza pengo kuna udhaifu zaidi, kwa kuwa wengi wao hudai malipo ya mihula iliyopita. Mihadhara ya mtandaoni inayotolewa na wachache wasiogoma huwafaa walio na vifurushi vya data na huwaacha nyuma wengine, kisha wote hutahiniwa kwa karatasi moja.

Mfano unaoonyesha njia tofauti unapatikana Kanada, katika Chuo Kikuu cha York jijini Toronto, ambako wahadhiri wa mikataba na wasaidizi wa ufundishaji waligoma mwaka 2018 kwa siku 143 hadi bunge la jimbo la Ontario likapitisha sheria ya kuwarejesha kazini. Seneti ya chuo hicho ina sera mahususi kuhusu athari za kitaaluma za migogoro ya kazi, iliyokuwapo kabla ya mgomo huo. Sera hiyo imejengwa juu ya mambo matatu: hadhi ya shahada isishuke, wanafunzi watendewe haki, na habari ziwafikie kwa wakati. Mwanafunzi anayeamua kutohudhuria darasa wakati wa mgomo haadhibiwi kwa uamuzi huo. Ana haki ya kupata kwa njia nyingine yale yaliyofundishwa, ingawa hasamehewi kuyajua. Anayeamua mabadiliko ya kalenda na ya namna ya kutathmini ni seneti, chombo cha kitaaluma, na si ofisi ya uajiri. Sera hiyo haikuwaepusha wanafunzi wa York na muhula mgumu. Iliwapa, hata hivyo, andiko la kurejelea walipodai, jambo ambalo mwanafunzi wa Kenya hulikosa anapoombwa awe mvumilivu.

Suala la fidia limefika mbali zaidi Uingereza. Baada ya migomo ya mwaka 2018 kuhusu pensheni za wahadhiri, wanafunzi waliolalamika katika chombo huru cha kusuluhisha malalamiko ya elimu ya juu walipata ufafanuzi muhimu: chuo hakiwezi kujificha nyuma ya kipengele kinachosema kuwa mgomo uko nje ya uwezo wake. Kinapaswa kuonyesha kilichofanya ili kupunguza hasara, na pale ambapo mafundisho hayakufidiwa, malipo yanaweza kutolewa. Hoja hii ina mizizi ya kutosha katika sheria ya Kenya. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake, na kinasema wazi kuwa masharti hayo yanahusu pia huduma za taasisi za umma. Kifungu cha 47, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, vinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na utolewe kwa sababu. Kupanga mtihani majuma mawili baada ya mgomo ni uamuzi wa aina hiyo. Kumwita mwanafunzi mtumiaji kunawakera wanataaluma wengi, na si bila sababu, lakini kifungu kinachomsaidia hakipaswi kuachwa kwa sababu ya jina lake.

Kipengele cha mwanafunzi katika mkataba wa kurejea kazini hakihitaji kuwa kirefu. Kingetaja idadi ya chini ya majuma ya kufundisha kabla ya mtihani wowote, kingezuia kutahiniwa kwa mada zisizofundishwa, kingeongeza muda wa usimamizi wa tasnifu bila ada ya ziada, na kingeagiza kuwa muhula unaorefushwa usimdai mwanafunzi kodi ya pili ya hosteli ya chuo. Bodi ya mikopo ingejulishwa tarehe mpya siku hiyohiyo. Tatizo ni nani angekidai. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliwafanya viongozi wa wanafunzi wachaguliwe kupitia wajumbe badala ya kura ya moja kwa moja, na hivyo sauti yao ikapungua uzito mbele ya wanafunzi wenyewe na mbele ya utawala.

Baadhi ya wahadhiri huenda wakapinga, kwa hoja kwamba mwanafunzi akilindwa mno mgomo hupoteza makali yake, maana shinikizo kwa serikali hutokana na madarasa matupu. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini kipengele kinachopendekezwa hakimrudishii mwanafunzi muhadhara wakati wa mgomo. Kinaanza kufanya kazi mgomo unapokwisha, wakati shinikizo halina kazi tena. Kinamwongezea mwajiri gharama ya kuchelewa, kwa kuwa kila juma la mgomo litadai juma la kufundisha, na majuma hayo yana bili za umeme, maji na hosteli. Seneti ya chuo chochote inaweza kupitisha kanuni hiyo katika kikao cha kawaida, bila kusubiri bunge wala mahakama, mradi ifanye hivyo muhula ungali unaendelea na hakuna notisi ya mgomo mezani.