Wapiga Gitaa Zito

Wanangu, simameni jirani na soko la Soweto, Mbeya, bajaji inapopita imefungulia muziki mpaka mwisho. Kabla hujajua mwimbaji anasema nini, mdundo mzito umeshakugonga kifuani. Bajaji ikikata kona maneno yanapotea, lakini ule mdundo unaendelea kusikika. Hiyo ni kazi ya besi. Siku hizi, katika amapiano na nyimbo nyingi za Bongo Fleva, besi hutengenezwa kwenye kompyuta. Zamani ilitoka kwenye vidole vya mtu, na leo nawasimulia habari za watu hao.

Gitaa la besi kwa kawaida lina nyuzi nne nene. Watangazaji wetu walizoea kuliita gitaa zito la besi, na uzito wake ni wa kweli: linashikana na ngoma ili wachezaji wasipoteze hatua, na papo hapo linampa mwimbaji mahali pa kusimamia sauti yake. Mpiga besi akiteleza, bendi nzima inayumba, hata kama msikilizaji hajui kosa limeanzia wapi.

Kwetu Tanzania mpiga besi alikuwa mtu wa bendi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978, na bendi za namna hiyo ziliingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam zikiwa kamili, wote wakapiga kwa pamoja. Nyimbo zikarushwa hewani, zikasikika Iringa, Mbeya na kwingineko nchini.

Lakini yupo mpiga besi wa aina nyingine, wa kukodiwa. Anaitwa studio asubuhi, anasikilizishwa wimbo asioujua, anautafutia besi, analipwa ujira wake na kurudi nyumbani. Kesho anampigia mwimbaji mwingine. Santuri ikitoka, picha kwenye jalada ni ya mwimbaji.

Mkubwa wao, kwa maoni yangu, ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 huko South Carolina, Marekani, akahamia Detroit, na miaka ya sitini akawa mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown. Aliwapigia The Supremes, The Temptations, Stevie Wonder na Marvin Gaye. Nyuzi alizigonga kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Besi ya wengi wakati ule ilikaa palepale ikihesabu mapigo. Ya Jamerson ilitembea, ikapanda na kushuka, ikaimba wimbo wake chini ya wimbo. Kule Uingereza Paul McCartney wa The Beatles, naye mpiga besi, aliisikia na kujifunza kwake, ingawa kwa miaka mingi hakujua hata jina la huyo fundi. Angelijua wapi? Motown haikuwa na desturi ya kuandika majina ya wapigaji kwenye jalada, mpaka ilipotoka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On. Jamerson alifariki mwaka 1983. Ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani ulimwingiza mwaka 2000. Hilo linaniuma, kwa sababu heshima hiyo hakuiona.

Wasichana, ninyi mkumbukeni Carol Kaye wa Los Angeles. Alikuwa mpiga gitaa. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakutokea studio, Carol akapewa besi, na toka hapo wakawa wanamtafuta yeye. Besi yake imo katika nyimbo za The Beach Boys na za wengine wengi mno.

Sasa turudi Soweto, ila ile ya Johannesburg. Wazee wengi wa Rungwe na Kyela walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini enzi za ukoloni, wakiandikishwa na WENELA, shirika lililoajiri vibarua wa migodini, kwa hiyo si nchi ngeni kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1964, makaburu wakitawala, studio moja ya Johannesburg ilikuwa na kundi la wapigaji wake wa kudumu, Makgona Tsohle, na besi ilikuwa mikononi mwa Joseph Makwela. Waliwapigia mwimbaji Mahlathini na kina dada wa Mahotella Queens. Katika muziki wao, mbaqanga, besi haijifichi. Inatangulia mbele, magitaa yanaijibu.

Katika muziki huo akakulia Bakithi Kumalo, mtoto wa Soweto, aliyezaliwa mwaka 1956. Mwaka 1985 Mmarekani Paul Simon alikuja Johannesburg kurekodi, na Kumalo akaitwa. Wapo waliokasirika, kwa sababu Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini, na hasira yao ilikuwa na msingi. Albamu ya Graceland ilitoka mwaka 1986, dunia nzima ikaisikia besi ya Kumalo, inayoteleza kama sauti ya mtu, maana shingo ya gitaa lake haikuwa na vile vyuma vya kugawanya sauti. Katika wimbo You Can Call Me Al kuna sekunde chache anapiga peke yake, haraka ajabu. Nusu ya kwanza ni vidole vyake. Nusu ya pili ni nusu ileile, mkanda umegeuzwa ukachezwa kinyumenyume!

Mkipata hedifoni, uanzeni wimbo huo mpaka mfike kipande hicho karibu na mwisho. Kisha wekeni wimbo wowote wa Mlimani Park, mfuateni mpiga besi peke yake, hasa waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanapochemka. Halafu muulizeni babu kama anamkumbuka aliyepiga.