Shevalie wetu anaitwa Kalala Ilunga

Tuanze na mpira. Timu yetu ya TP Mazembe ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Georges huyo ni yule mtakatifu anayechorwa juu ya farasi, mkuki mkononi, joka chini ya kwato. Kwa hiyo, kabla ya mashabiki wa mji huu kujiita Kunguru, walikuwa tayari wanamshangilia shevalie, na sidhani kama kuna aliyeuliza joka lilitoka wapi.

Hadithi za mashevalie hazijatuacha. Kuna watu wazima, wenye diploma na watoto, ambao wakikutana Jumamosi wanabishana mpaka bia inapata moto: Lancelot ni shujaa ao ni msaliti? Merlin alikuwa mchawi ao mshauri mwerevu tu? Mimi ni mmoja wao. Wengi wetu tuliingizwa na Kaamelott, seri ya Kifaransa iliyoanza mwaka 2005. Mle ndani mashujaa wa Meza ya Mviringo wanafanana na mkutano wa komite yoyote tunayoijua: mmoja anawaza chakula tu, mwingine hakuelewa kazi aliyopewa, na Mfalme Arthur amechoka nao wote. Waingereza walitangulia mwaka 1975 kwa filimu yao ya Monty Python, ambamo mashujaa hawana hata farasi: mtumishi anatembea nyuma akigonganisha vifuu vya nazi ili tusikie kwato.

Mtu anaweza kusema: hawa wanaharibu hadithi ya heshima. Lakini tukiangalia hadithi yenyewe ilivyokua, tunaona imejengwa na watu wa namna hiyohiyo. Karibu mwaka 1136, Geoffrey wa Monmouth aliandika kwa Kilatini habari za Arthur, mfalme wa Wabritoni. Meza ya Mviringo haikuwamo. Aliileta Wace mwaka 1155. Baadaye, katika karne ileile, Mfaransa Chrétien de Troyes akaingiza mapenzi ya Lancelot na malkia, kisha Grali. Kila mmoja aliongeza chake na hakuomba ruhusa. Na jambo la kushangaza zaidi: katika masimulizi ya kale, Arthur anapigana na Wasaksoni, yaani mababu wa Waingereza. Leo Waingereza wanamuita mfalme wao! Adui wa babu amekuwa shujaa wa mjukuu, juu wajukuu walipenda kumsimulia.

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tuna hadithi ya namna hiyo, na haihitaji farasi. Waluba wanasimulia juu ya Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi na mkali. Siku moja anafika mwindaji kutoka mashariki, ng'ambo ya Lualaba: Mbidi Kiluwe. Mgeni huyu ana adabu ambazo Nkongolo hajapata kuziona. Hali mbele ya watu, wala hacheki ovyo mdomo wazi. Anawaoa dada za mfalme, halafu anagombana na shemeji yake na kurudi kwao. Dada mmoja, Bulanda, anabaki na mimba. Mtoto ni Kalala Ilunga.

Kijana anakua, anamshinda mjomba wake katika mchezo. Mama ya Nkongolo anacheka, na Nkongolo, kwa hasira, anamzika mama yake angali hai. Kisha anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu, anamualika mpwa wake aje kucheza ngoma. Lakini mpiga ngoma anamuonya Kalala kwa mapigo yenyewe. Kalala anarusha mkuki, mkeka unatoboka, shimo linaonekana. Anakimbia, anavuka Lualaba, anarudi na jeshi la baba yake. Nkongolo anakatwa kichwa, na ufalme unaanza upya, wenye adabu na heshima.

Niambieni kama Lancelot ana kipande kizuri kuliko ile ngoma. Katika kikundi chetu tumeanza kugawana sehemu kama wale wanaogawana viti vya Meza ya Mviringo. Mwenye kuchelewa kulipa mchango anaitwa Nkongolo. Mwenye kufunga mlango akila pondu yake, huyo ni Mbidi. Na mtu akialikwa kikao asichokiamini, anasema: "Kwanza mupige ngoma, nisikie."

Kuna wazee wanaotukatalia: "Hiyo ni mambo ya wafalme, batoto, haichezewe." Nawasikia. Kuna siri na vitu vya kifalme ambavyo si vya kuchekea, na vina wenyewe. Lakini hata walinzi wa hadithi hii hawakuigandisha. Waluba wana lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, uliopambwa kwa shanga. Watu wa chama cha Mbudye walipitisha vidole juu yake na kusimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Shanga zilikuwa zilezile, lakini masimulizi yalifuata msimulizi, wasikilizaji na shida ya siku ile. Kuisimulia upya ndiyo ilikuwa kazi yao.

Mnaweza kuuliza kwa nini nasumbuka na haya yote. Ni juu ya mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na iliota kwa watu waliotoka kwingine: Kasai, Rodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, na vijiji vya Katanga yenyewe. Pamoja na hayo, mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Waliitwa bilulu, wadudu. Na mpaka leo, uchaguzi ukikaribia, swali linarudi: wewe ni mwenyeji ao ni wa kuja?

Waulizaji wa swali hilo wanapenda kutaja mababu. Basi wasome babu vizuri. Nkongolo ndiye aliyekuwa wa kwanza pale. Shujaa ni mtoto wa mgeni na dada ya mwenyeji. Bila Mbidi hakuna Kalala, na bila Bulanda hakuna Kalala vilevile. Na aliyemuokoa ni mpiga ngoma, aliyeona ubaya wa bwana wake akakataa kunyamaza.

Hadithi ikifungiwa kabatini kama karatasi ya kiwanja, inatoka siku ya ugomvi tu, na anayeitoa anasoma mstari mmoja unaomfaa. Hadithi inayochezewa kila Jumamosi, watu wanaijua yote, pamoja na shimo na mkeka. Ni vigumu kuwadanganya kwayo.

Kwa hiyo endeleeni na Arthur wenu, sikatazi. Hata mimi bado namngoja Perceval aelewe kazi yake. Lakini wiki hii, mwenye mzee nyumbani amuulize hadithi ya Nkongolo, halafu amuulize jirani wa asili nyingine kama kwao wanaisimulia tofauti. Mkianza kubishana, kaeni vizuri, mwagize kingine.